Miaka Saba ni Miaka Mingapi? Olivia de Havilland na Mkataba Uliokataa Kuisha

Mtazame Olivia de Havilland akiwa kwenye ngazi.

Katika Gone with the Wind, filamu ya 1939, askari mtoro anaingia nyumbani kwa kina Scarlett kuiba, na Scarlett anamfyatulia risasi usoni. Juu ya ngazi anatokea wifi yake, Melanie, anayechezwa na Olivia. Hajapona tangu ajifungue, miguu haimbebi vizuri, amevaa gauni la kulalia na anaburuta upanga asioweza hata kuuinua. Mpaka hapo filamu imetuzoesha kumwona Melanie kama mtu mwema kupita kiasi, mwanamke wa kusamehe kila mtu. Tunangoja apige ukelele au azimie. Anaitazama maiti, anamtazama Scarlett, na uso wake unachangamka. Anamwambia kwamba amefurahi amemuua. Kisha anakwenda dirishani na kuwadanganya jamaa walioko nje, kwa sauti laini kabisa, kwamba bastola ilikuwa inasafishwa ikafyatuka. Akirudi, yeye ndiye anayetoa wazo la kuipekua mizigo ya marehemu.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko nilivyoirudia filamu yenyewe. Filamu nzima siwezi kuitazama bila kukunja uso. Inaupaka utumwa rangi ya maisha matamu, na Hattie McDaniel, aliyecheza mtumishi mle ndani, hakuruhusiwa kuhudhuria uzinduzi wake mjini Atlanta kwa sababu ya sheria za ubaguzi. Huyohuyo McDaniel akawa mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, na mmoja wa waliokuwa wakiiwania pamoja naye alikuwa Olivia. Tuzo ilikwenda panapostahili.

Nasema haya mapema kwa sababu kumpenda mwigizaji wa enzi ile kunamtaka mtazamaji wa Kiafrika abague pumba na mchele kila anapokaa mbele ya kioo. Kwa Olivia mchele umebaki mwingi. Wahenga waliposema simba mwenda pole ndiye mla nyama, walikuwa wanaeleza kitu ambacho yeye alikijua kukiigiza kuliko yeyote, na ambacho Agosti 1943 alikifanya nje ya filamu, alipoishtaki kampuni ya filamu iliyomwajiri, Warner Bros.

Kesi hiyo husimuliwa vibaya. Utasikia kwamba "Olivia alivunja mkataba", au kwamba "aliua mfumo wa studio". Mkataba hakuuvunja, na mfumo hakuuua peke yake. Alichokifanya ni kuwauliza majaji swali ambalo mtoto wa darasa la kwanza angedhani analijua jibu lake: miaka 7 ni miaka mingapi?

Mchumba wa steringi

Kwetu alianza kuwa "yule dada wa Robin Hood". Baba alikuwa akikodi kanda za video mwisho wa wiki, na ile ya 1938 yenye rangi zinazong'aa kama kanga mpya ilirudi nyumbani mara kadhaa. Steringi alikuwa Errol Flynn. Sisi watoto tulitaka panga tu, na Lady Marian alipotokea tuliona ni muda wa kwenda kunywa maji. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba Flynn anaonekana jasiri hivyo kwa sababu kuna mtu mbele yake anayemtazama kwa macho yanayomwamini pole pole: kwanza kwa dharau, kisha kwa shaka, kisha kwa hofu juu ya maisha yake.

Walicheza pamoja filamu 8 kati ya 1935 na 1941, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Warner Bros. walikuwa wamepata mchumba wa steringi anayelipa, basi wakataka awe mchumba wa steringi mpaka azeeke.

Alizaliwa Tokyo tarehe 1 Julai 1916, wazazi wake wakiwa Waingereza. Akiwa mdogo mama yake aliwaleta California, yeye na mdogo wake, ambaye naye alikuja kuwa nyota kwa jina la Joan Fontaine. (Magazeti yaliishi miongo mingi kwa ugomvi wa mtu na mdogo wake. Mimi naupita.) Binamu yao alikuwa Geoffrey de Havilland, mwundaji wa ndege, kwa hiyo msomaji aliyepanda Dash 8 za Air Tanzania kwenda mikoani amekaa ndani ya jina hilo: De Havilland Canada ilianzishwa 1928 kama tawi la kampuni ya Geoffrey.

Mwaka 1934, Max Reinhardt, mwongozaji mkubwa wa tamthilia kutoka Ulaya, aliandaa mchezo wa Shakespeare katika uwanja wa Hollywood Bowl. Olivia alikuwa mwigizaji wa akiba. Aliyepangiwa nafasi ya Hermia akaondoka kwenda kupiga filamu, akiba akapanda jukwaani, na Warner Bros. wakamchukua. Alikuwa na umri wa miaka 18. Aprili 1936 alitia saini mkataba mpya, ule uliokuja kufika mahakamani.

Fundo la kwanza, la pili na la tatu

Studio tano kubwa za wakati ule, yaani MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO, zilikuwa na kila kitu: viwanja vya kupigia picha, washonaji, mafundi wa taa, wasambazaji, na majumba ya sinema ya kuonyeshea. Kwa hiyo na waigizaji nao ilibidi wawepo ghalani muda wote, wanalipwa kwa wiki, tayari kuingia filamu yoyote watakayopewa. Kwa mtu wa kawaida wakati wa mdororo wa uchumi, mshahara wa kila wiki ulikuwa neema. Sitaki kuwachora wenye studio kama mashetani. Mfumo ule ulimlea Olivia, ukamfundisha kusimama mbele ya kamera, ukamvalisha, ukalifanya jina lake lijulikane duniani kote.

Lakini soma mkataba.

Ulianza kuhesabika Mei 1936, na kwenye karatasi ulikuwa wa wiki 52. Studio ilikuwa na haki ya kuuongeza wiki 52 nyingine, na nyingine tena, mpaka mara 6, jumla miaka 7. Haki hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Kila mwaka Warner Bros. wangeweza kusema asante, nenda zako. Olivia hakuwa na mwaka hata mmoja wa kusema hivyo. Nikisikia watu wakisema "alikubali mwenyewe miaka saba" huwa najiuliza kama wameliona jambo hili: yeye alifungwa miaka 7, wao walifungwa mmoja mmoja.

Fundo la pili ni kusimamishwa. Mwigizaji akiikataa nafasi aliyopangiwa, studio ilikuwa na ruhusa ya kumsimamisha bila mshahara. Kwa muda gani? Kwa muda wote anaokataa, na zaidi ya hapo, kwa muda wote ambao mwigizaji mwingine atatumia kuikamilisha nafasi ileile. Nafasi mbaya ukiikataa, unakaa nyumbani bila senti mpaka mwenzako aimalize.

Fundo la tatu ndilo lililoleta kesi. Wiki zote za kusimamishwa zilichukuliwa na kubandikwa mwisho wa mkataba.

Dereva yeyote wa bodaboda ya mkataba pale Dar es Salaam anaweza kukueleza jambo hili kuliko wakili. Unakabidhiwa pikipiki ya mtu, unapeleka hesabu kila siku, mkikubaliana kwamba baada ya muda fulani chombo ni chako. Ukiugua, au mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, siku zile hazihesabiki, zinasogezwa mbele. Tofauti ni kwamba dereva wa bodaboda mwishoni anapata pikipiki. Mwigizaji mwishoni alipata ruhusa ya kuondoka, na mwisho wenyewe ulikuwa unasogea kila alipojitetea.

Piga hesabu. Tuseme mwigizaji anakataa nafasi mbili kwa mwaka, na kila moja inamgharimu wiki 10. Kwa miaka 7 hizo ni wiki 140, karibu miaka 3. Mkataba wa miaka 7 umekuwa wa 10, na katika ile 3 ya nyongeza anaweza kukataa tena, nayo ikazaa nyongeza yake. Hakuna popote palipoandikwa "milele", ila hesabu inaelekea huko.

Na kwa nini akatae nafasi? Kwa sababu kazi nzuri ilikuwa inamjia kutoka nje. David Selznick, mtayarishaji wa Gone with the Wind, alipomtaka kwa nafasi ya Melanie, mkuu wa Warner Bros., Jack Warner, alikataa kumwazimisha. Olivia akamwalika mke wa Warner, Ann, wakanywa chai, akamweleza mwanamke mwenzake maana ya nafasi ile kwake, na Ann akaenda kumlainisha mumewe. Mwaka 1941 aliazimwa tena, safari hii na Paramount, kwa Hold Back the Dawn. Kwa Melanie aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi, na kwa filamu ya Paramount akateuliwa kuwania ile ya mwigizaji bora wa kike. Teuzi zake mbili za kwanza zilitoka nyumba za watu. Akirudi kwake anakuta kapangiwa tena mchumba wa steringi.

Akaanza kukataa. Akasimamishwa. Mei 1943, kalenda ilipotimiza miaka 7, akaambiwa bado anadaiwa takriban miezi 6.

Waliotangulia

Hakuwa wa kwanza kugombana na Warner Bros. Mwaka 1936 mwigizaji James Cagney aliwashtaki na kushinda, lakini hoja yake ilikuwa kwamba studio yenyewe ilikiuka masharti yaliyoandikwa. Mwaka huohuo Bette Davis, akiwa amechoshwa na nafasi dhaifu, aliondoka mkataba ukiwa hai na kwenda Uingereza kutaka kupiga filamu na watu wengine. Warner Bros. wakamfuata mpaka mahakama ya London, wakapata zuio. Davis akarudi California kufanya kazi.

Waandishi wengi huziweka kesi hizi kapu moja na kusema Olivia alifaulu pale Davis aliposhindwa. Zilikuwa na maswali tofauti. Davis aliiambia mahakama, kimsingi, kwamba mkataba wake ni wa kikatili asilazimishwe kuufuata. Hilo humfanya jaji auzungushe mkataba mkononi na kusema: lakini saini ni yako, mama. Olivia hakuomba kufunguliwa. Aliomba mahakama itamke kwamba alikuwa amekwisha kuwa huru tangu Mei.

Wazo lilitoka kwa wakili wake, Martin Gang. California ilikuwa na sheria ya zamani, yenye asili katika kanuni za kiraia za 1872, iliyoweka kikomo cha muda ambao mtu anaweza kulazimishwa kutimiza mkataba wa kutoa huduma ya nafsi yake. Kikomo hicho kilikuja kuongezwa, na mwaka 1931 kikafikia miaka 7. Mwaka 1937 kifungu kikahamishiwa kwenye Sheria ya Kazi, kifungu cha 2855. Hollywood nzima ilikijua. Ndiyo maana mikataba yote ilikuwa ya miaka 7 na si 8. Ambacho hakuna aliyekuwa ametaka kukijaribu mpaka mwisho ni maana ya miaka yenyewe.

Warner Bros. walikuwa na hoja mbili, na zote zinafaa kusikilizwa. Ya kwanza: miaka 7 maana yake ni miaka 7 ya kazi. Mtu aliyesimamishwa hajafanya kazi, kwa hiyo muda wake umesimama kama saa iliyotolewa betri. Ya pili: hata kama sheria ilikusudia kalenda, ni sheria ya kumlinda mfanyakazi, na mfanyakazi ana uhuru wa kuusamehe ulinzi wake. Olivia aliusamehe alipozikubali nyongeza zile.

Mahakama ya awali ikamkubalia Olivia. Studio ikakata rufaa. Desemba 1944 majaji wa rufaa wakasema mwaka ni mwaka wa kalenda. Juu ya kusamehe ulinzi walisema jambo ninaloliona kuwa zito kuliko lote: kikomo hiki kimewekwa kwa manufaa ya umma, na kilichowekwa kwa manufaa ya umma hakiwezi kuondolewa kwa makubaliano ya watu wawili. Hata ukisaini kwa hiari, saini haifanyi kazi. Mfanyakazi yeyote, si mwigizaji tu, anapozidi kupata ujuzi, inabidi ufike wakati wa kuweza kuupeleka ujuzi wake sokoni na kupata thamani yake ya sasa, si ile ya siku alipokuwa mchanga. Februari 1945 Mahakama ya Juu ya California ikakataa kuisikiliza studio tena.

Kwenye vitabu vya sheria kesi imeandikwa kwa jina la De Haviland, kwa l moja. Ameipa sheria jina lake na sheria imempunguzia herufi.

Kukaa kimya

Kati ya Agosti 1943 na Februari 1945 kuna mwaka mmoja na nusu, na huo ndio ninaoufikiria kila niisomapo kesi hii. Warner Bros. waliziandikia kampuni nyingine kuzionya zisimwajiri. Akiwa na miaka 27, katika mji ambao mwanamke wa miaka 35 huanza kupewa nafasi za mama wa steringi, alitoweka kwenye viwanja vya kupigia picha kwa karibu miaka 2. Wakili anaweza kukuhakikishia kwamba sheria iko upande wako. Hawezi kukuhakikishia kwamba watazamaji watakukumbuka.

Muda huo hakukaa bure. Vita vilikuwa vinaendelea, naye alizunguka kwenye hospitali za wanajeshi, kuanzia visiwa baridi vya Aleutia mpaka Pasifiki ya Kusini, hadi akaugua homa ya mapafu na kulazwa Fiji. Alikuwa amechukua uraia wa Marekani Novemba 1941, siku chache kabla ya Japani kuishambulia Pearl Harbor. Hakupiga makelele magazetini. Ukitazama picha zake za mahakamani utamwona amevaa vizuri, amekaa wima, uso umetulia kama wa mwalimu anayesubiri darasa linyamaze. Ni Melanie yule wa kwenye ngazi, ila safari hii upanga aliweza kuuinua.

Hukumu ilifanya nini, na haikufanya nini

Hukumu haikuondoa haki ya studio kumsimamisha mtu bila mshahara. Ndani ya ile miaka 7 ungeweza kuendelea kusimamishwa. Ilichoondoa ni nyongeza, yaani kuugeuza muda wa adhabu kuwa deni. Kusimamishwa kukawa gharama kwa pande zote mbili: wewe unakosa mshahara, studio inapoteza wiki zako zisizorudi. Kwa mara ya kwanza saa ilikuwa inatembea ukutani kwa wote. Na kwa waigizaji waliokuwa vitani, ambao mikataba yao ilisimamishwa walipovaa sare, maana yake ilikuwa wazi.

Pia hukumu haikuubomoa mfumo wa studio. Pigo kubwa lilikuja 1948, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua dhidi ya Paramount na wenzake, studio zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema. Baada ya hapo ikaja televisheni ikamalizia. Ila mwigizaji aliyefika 1948 akiwa tayari anajua kwamba mkataba wake una mwisho, aliingia kwenye mabadiliko hayo akiwa na kitu cha kujadiliana.

Na ni sheria ya California. Haivuki mpaka wa jimbo yenyewe tu, wala haimfuati msanii wa bongo fleva kwenye lebo ya Sinza, ingawa maneno tunayoyasikia kila msanii anapogombana na lebo, nani kamtoa nani, nani anamdai nani nyimbo ngapi, yangeeleweka mara moja pale Burbank, kwenye studio za Warner Bros., mwaka 1943.

Imeendelea kutumika. Johnny Carson, mtangazaji maarufu wa vipindi vya usiku, aliitumia karibu na 1980 alipokuwa akivutana na kituo chake. Mwaka 1987 kampuni za muziki zilifanikiwa kupata nyongeza kwenye kifungu: mwanamuziki anaweza kuondoka baada ya miaka 7, lakini kampuni inaweza kumdai fidia kwa albamu alizoahidi na hakuzitoa. Ndiyo sababu 2008 bendi ya mwanamuziki Jared Leto ilipotegemea kifungu hicho kuachana na kampuni ya muziki ya EMI, ilidaiwa dola milioni 30, mpaka wakaja kupatana. Kwa mtazamo wangu nyongeza ile imerudisha kwa mlango wa nyuma kilichotolewa kwa mlango wa mbele. Ukiandika albamu nyingi kuliko zinazowezekana ndani ya miaka 7, kalenda inaisha na deni linabaki.

Olivia mwenyewe hakushinda kila alipoingia mahakamani. Mwaka 2017, siku moja kabla ya kutimiza miaka 101, aliishtaki televisheni moja kwa jinsi ilivyomwigiza kwenye tamthilia, na mahakama ya rufaa ikamkatalia.

Alichokifanya na uhuru

Kuna washindi wengi wa kesi ambao hatujui walifanya nini kesho yake. Olivia alipoachiliwa alikwenda Paramount, akacheza To Each His Own, mwanamke anayezaa nje ya ndoa na kulazimika kumtazama mwanawe akilelewa na wengine. Anaanza kijana, anamaliza mtu mzima mwenye uso mkavu na mwendo wa mfanyabiashara. Machi 1947 akapata Oscar. Kisha The Snake Pit, ya 1948, ya mwanamke aliyelazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Kabla ya kuipiga alikwenda kwenye hospitali za namna hiyo kutazama kwa macho yake. Hakuna hata mahali pamoja kwenye filamu ile panapomtaka awe mrembo. Warner Bros. wasingempa nafasi hiyo, na hata wangempa, wangempaka poda.

Halafu The Heiress, ya 1949. Hii hakupewa; aliitafuta. Aliuona mchezo wa jukwaani New York, akampelekea wazo William Wyler, na Wyler akaiongoza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka minne tu baada ya hukumu: mwigizaji anachagua hadithi, anachagua mwongozaji, na studio inakuja nyuma yao.

Anacheza Catherine, binti wa daktari tajiri wa New York ya zamani. Hana uzuri wa kutajwa, hana maneno, anajikwaa kwenye sebule yake mwenyewe. Baba anamdharau kwa adabu, ambayo ni dharau mbaya kuliko zote. Anatokea kijana mzuri, Morris, anayechezwa na Montgomery Clift, na Catherine anapendwa kwa mara ya kwanza, au anadhani anapendwa. Wanapanga kutoroka usiku. Anafunga mizigo na kumngoja. Kijana ameshajua kwamba urithi utapungua, haji. Kunapokucha Catherine anaibeba mizigo yake na kupanda ngazi za nyumba ya baba yake.

Hapo ndipo pa kumtazama. Halii. Uzito wote uko mabegani. Mkono mmoja unashika nguzo, mguu unatafuta kidato kama wa bibi kizee, na mtu anayefika juu si yule aliyeshuka na mizigo saa chache kabla. Kuanzia hapo hata sauti yake inabadilika, inashuka chini, inakuwa ya mtu asiyehitaji tena kukubaliwa na yeyote. Kwa Catherine alipata Oscar ya pili, Machi 1950.

Katikati ya miaka ya 1950 alihamia Paris, akaolewa huko, akapunguza filamu. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza jopo la majaji wa tamasha la Cannes. Alifariki Julai 2020, nyumbani Paris, akiwa na umri wa miaka 104. Jack Warner alikwisha kufa tangu 1978.

Kwa anayetaka kuanza, aanze na The Heiress, na asizime kabla ya dakika za mwisho. Miaka imepita, baba ameshazikwa, Catherine ni tajiri, na Morris amerudi kuomba msamaha. Catherine anamsikiliza vizuri. Anampa zawadi aliyomnunulia zamani. Anamwambia akachukue mizigo yake, arudi usiku waondoke, kama walivyopanga wakati ule. Morris anatoka akiwa na furaha. Shangazi anapogundua kinachokuja anamuuliza mpwa wake kama kweli anaweza kuwa katili kiasi hicho, na Catherine anamjibu, bila kupandisha sauti, kwamba anaweza, kwani amefundishwa na waliobobea. Anaendelea kudarizi. Anakata uzi wa mwisho. Kengele ya mlangoni inalia, naye anaagiza komeo lifungwe. Nje Morris anaita jina lake, kwanza kwa mapenzi, kisha anagonga, kisha anapiga mlango kwa ngumi. Catherine anaichukua taa na kuanza kupanda ngazi, na mwanga unaoonekana juu ya mlango unasogea pamoja naye, kidato kwa kidato, mpaka kule nje panabaki giza.